Shangazi Aliyetuzimia Taa

Taa za Krismasi zikiwa mpya zina harufu yake. Sijui ni ile plastiki ya waya au ni rangi iliyopakwa kwenye viglopu, lakini ukizichomeka kwa mara ya kwanza na zikapata joto kidogo, harufu hupanda, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Desemba kuliko hata pilau. Mwaka huu wanangu walifungua boksi sebuleni, hapa kwetu Dodoma mjini, mimi niko jikoni napepeta mchele. Harufu ikanifikia kabla sijaona mwanga. Nikaweka ungo chini, nikaenda kusimama mlangoni, machozi yananitoka na hakuna kitunguu kilichomenywa. Mdogo wao akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, namkumbuka tu bibi yake Yuditi. Shangazi Yuditi, dada yake baba, tulimzika Ihumwa baada ya mavuno, na hii ndiyo sikukuu ya kwanza asiyokuwepo kutukemea.

Wenzangu wa rika langu, mliosoma kwa kibatari mkaamka na masizi puani, mtanielewa. Ihumwa ya utoto wangu haikuwa hii ya leo ya treni ya umeme na nyumba za geti. Ilikuwa reli ya zamani, mashamba ya mtama na alizeti, ng'ombe wakipita barabarani kwa raha zao, na giza. Giza lenyewe lilikuwa la kweli, ukinyoosha mkono huuoni. Nguzo za umeme zilipofika mtaani kwetu, nyumba yetu ilikuwa ya tatu kuunganishwa, na baba, ambaye alikuwa kibarua wa reli na mwimbaji wa sauti ya nne kwaya ya kanisani, akatembea wiki nzima kifua mbele. Alikuwa akiingia chumbani anawasha taa, anatoka anazima, anarudi anawasha tena. Mama alimwambia ataimaliza swichi kabla haijazoea ukuta.

Desemba ile rafiki yake dereva wa lori akamletea kutoka Dar es Salaam mitungo miwili ya taa za rangi. Jamani, sijawahi kupenda kitu namna ile. Nyekundu, kijani, njano, buluu, na zilikuwa zinapokezana, zikizima hizi zinawaka zile. Baba akaunganisha mitungo yote miwili kwa kipande cha waya alichokuwa nacho, akapanda ngazi, akazipitisha ukingoni mwa bati mbele ya nyumba yote. Bado zilibaki nyingi. Mwisho wa uwanja tulikuwa na mkrismasi mkubwa, ule mti wa maua mekundu, na mwezi ule ulikuwa umefunga maua hata majani huyaoni. Baba akataka taa zifike mtini. Kati ya pembe ya bati na mti palikuwa na waya wa mama wa kuanikia nguo, umekazwa vizuri, na hapo ndipo alipoona njia. Akazizungusha taa kwenye waya ule mpaka zikafika mtini, na pale kwenye kiungo chake akafunga mfuko mtupu wa nailoni wa sukari, akaukaza kwa mpira. Nilimshikia ngazi. Nilimwona baba yangu ni fundi asiye na mfano.

Watu walikuja kutazama. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu, uwanja wetu ulikuwa na watoto wa mtaa mzima wamekaa chini mavumbini. Mama Zaituni, jirani yetu Mrangi aliyehamia kutoka Busi na mumewe kufuata biashara ya alizeti, alikuja na kigoda chake mwenyewe. Alisema sikukuu ni yetu lakini macho ni ya kila mtu, na Idi ikifika angeziazima, tusije tukajifanya hatumjui. Baba alicheka, akamwambia achukue hata na mti. Hapakuwa na nyumba iliyopendeza kama ile upande wa kwetu, na mpaka leo nikizikumbuka zile taa nasema zilikuwa nzuri.

Aliyekuwa hazioni ni bibi, mama yake baba. Trakoma ilimharibu macho tangu akiwa mama kijana. Kope ziligeukia ndani zikamkwaruza miaka na miaka, mpaka akabaki anajua tu kwamba huku kuna mwanga na huku hakuna. Aliketi kizingitini na fimbo yake, watu wakishangilia anauliza, sasa hivi ni rangi gani? Mimi ndiye niliyekuwa namtajia. Nilikuwa na miaka minane, nalala naye kitanda kimoja, ananiita mke mwenzangu, na mahindi ya kuchoma akipewa ananigawia ile nusu laini. Kila usiku nilipiga magoti nikamwomba Mungu amfungue bibi macho, na nilikuwa nampa Mungu muda maalumu: kabla ya Krismasi, ili azione taa.

Katikati ya furaha hiyo ndipo Shangazi Yuditi alipokuja kutoka Mtera na kapu la perege wakavu. Alikuwa mkubwa kwa baba, mrefu, mkavu, hana mtoto, na miaka mingi alikuwa akiwapikia wafanyakazi wa bwawa la umeme la kule. Mafundi wa umeme walikula mezani kwake asubuhi na mchana, wakiongea kazi zao, naye akipakua ubwabwa alikuwa anasikiliza. Shule aliachia la nne, lakini habari za umeme alizijua kwa masikio. Alikuwa akisema umeme hauna harufu, hauna sauti, wala hauna adabu. Sisi tulimpokea, tukamwamkia, tukamkalisha kitini, baba akawasha taa, tukasubiri asifie.

Alizitazama, akainuka, akatembea mpaka chini ya waya wa nguo huku mikono kaifunga mgongoni. Akauliza, "Nani kafunga mfuko wa sukari hapa?"

Hapo pakawa na maneno. Baba alimwambia dada yake kwamba kiungo kimefungwa vizuri, maji hayapiti. Shangazi akamwambia nailoni haifungi umeme, inafunga sukari, na waya wa chuma hauwekewi waya wa umeme, na mvua iko njiani. Baba akasema mtaa mzima umeziona na hakuna aliyekufa. Shangazi akasema ndiyo vizuri, basi tusimtafute wa kwanza. Mama akaingilia kati, wakapatana kishingoupande: fundi Elia, kijana aliyetuunganishia umeme, aitwe baada ya sikukuu kwa sababu alikuwa na kazi Kikombo, na mpaka atakapokuja, mamlaka ya plagi yawe ya shangazi.

Loo, mamlaka hayo aliyatumia. Taa haziwaki kukiwa na wingu. Taa haziwaki watu wakitoka wote kwenda kanisani. Zikiwaka, hakuna mtoto kugusa waya, na atakayepita karibu avae ndala. Pasi na redio na taa havikai kwenye soketi moja. Na ikifika saa mbili na nusu, ngoma imekolea, watoto wanaimba, yeye anaingia ndani na kuchomoa. Pale uwanjani tulikuwa tunazomea kwa sauti ndogo. Jioni moja akaenda mpaka kwa Mama Zaituni kukagua soketi yake bila kuitwa, na nyumba mbili za mbele waliokuwa wametundika taa zao kwa misumari, akawaambia misumari iliyopigiliwa juu ya waya haifai. Kiherehere, walisema. Sisi watoto tulikuwa tunafanya mazoezi ya igizo la Krismasi kanisani, kwa hiyo jina lake halikutusumbua kulitafuta. Tulimwita Herode. Mimi, mtoto wa mdogo wake mwenyewe, ndiye niliyelianzisha.

Katika igizo nilikuwa malaika. Nilikuwa na shuka jeupe na mstari mmoja wa kusema, na nilijiona mtu mzito. Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili alituambia kwamba usiku wa kuamkia Krismasi Bwana hupita, na mwenye moyo safi humgusa. Tukamuuliza mtu atajuaje. Akasema, ukiguswa utajua mwenyewe, mwili utakusisimka. Neno lile nililibeba mpaka nyumbani. Nilijichunguza moyo, nikaona mbali na kumwita shangazi Herode sina dhambi kubwa.

Mvua ya kwanza ikanyesha siku ile ile ya mkesha, alasiri. Ilikuja na upepo wa vumbi, ikapiga bati saa nzima, uwanja ukawa matope mekundu. Shangazi alichomoa plagi kabla tone la pili halijaanguka. Baba na mama walikuwa kanisani tangu saa nane, kwaya na mapambo, na nyumbani tulibaki watatu: mimi, bibi, na shangazi. Mvua ilipokatika, shangazi akaenda jikoni, kile kibanda chetu cha nyuma ya nyumba, kuangalia maharage. Ilikuwa inaelekea saa kumi na mbili na nusu. Mawingu yameondoka, kwa magharibi kumebaki wekundu kidogo, maua ya mkrismasi yamelowa yanadondosha maji. Nikawaza, leo ni mkesha, na Herode kazima taa mkesha wa Krismasi. Nikaingia sebuleni, nikachukua plagi, nikachomeka.

Zikawaka zote. Zililowa, na kila moja ilikuwa na mwenzake chini kwenye dimbwi. Nilisimama nikazitazama, kwa furaha na kwa woga wa kuchapwa. Halafu nikaona kanga ya mama bado iko kwenye waya, imesahauliwa mvuani, nikaona bora niianue, ili nikishikwa na kosa niwe pia na jambo jema la kuonyesha. Nilikuwa pekupeku. Nilishika pindo la kanga, na mkono wangu ukasisimka. Sikupigwa kwa nguvu. Ilikuwa ni kama sisimizi wengi wanapanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Nikaachia. Nikashika tena kwa ncha za vidole, ikarudi.

Mtanicheka, lakini sikuogopa hata chembe. Nilijua kabisa ni nini. Nilisimama pale chini ya taa, miguu kwenye matope, nikamwambia Bwana asante, halafu nikamwambia asiondoke kwanza, nakuja na mgonjwa. Hata kule kumtanguliza bibi yangu kabla yangu mwenyewe nilikuona ni wema. Kama Bwana alikuwa kwenye pindo la kanga, nilifikiri, basi kwenye waya wenyewe atakuwepo zaidi.

Bibi alikuwa kitandani anasinzia. Nilimwamsha, nikamwambia kuna kitu uwanjani lazima akishike, macho yake yatafunguka. Bibi hakuwa mtu wa kubishana na mtoto mwenye furaha. Akatafuta fimbo yake, ndala moja ikakosekana, nikamwambia ziache, twende hivyo hivyo. Nilimshika mkono wa kushoto nikamwongoza polepole uwanjani, nikimkwepesha madimbwi. Alisema ardhi ya baridi imemkumbusha siku za kupanda. Tulipobakiza hatua nne hivi, nikamwambia kwa sauti, kwa kuwa masikio nayo yalikuwa yanaanza kumchoka:

"Bibi, nyoosha mkono juu, ushike waya wote kwa kiganja. Utasisimka mpaka kwenye bega, usiachie."

Nikasikia kifuniko cha sufuria kimeanguka. Shangazi alikuwa ametokea pembeni mwa nyumba, mwiko mkononi. Nilitegemea aje kwetu. Nilijiandaa kabisa kwa kibao. Lakini hakutujia, wala hakutuita. Alitutazama mara moja tu, akatupa mwiko, akakimbilia mlangoni, ndani ya nyumba, mtu mzima yule, akikimbia na gauni limepanda magotini. Nikaona anatukimbia. Bibi akaweka fimbo kwapani, akanyoosha mkono, vidole vinatafuta hewani. Taa zikazimika. Si zile za uwanjani tu, bali na ile ya sebuleni, na ya kizingitini, nyumba nzima ikawa giza. Na hapo hapo kiganja cha bibi kikaufikia waya, kikafumba.

"Ni waya wa nguo huu," bibi akasema. "Umelowa."

Alikuwa ameushika wote, kama nilivyomwambia, na ameshikilia, maana nilimwambia asiachie. Akaniuliza sasa asubiri nini. Mimi nilianza kulia. Nililia kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Shangazi akatoka ndani akiegemea ukuta, na nikamwambia maneno ambayo mtoto wa Kigogo hamwambii shangazi yake. Nilimwambia yeye ni Herode, hana mtoto kwa sababu anachukia watoto, Bwana alikuwa hapa na bibi alikuwa anapona, na yeye kamfukuza. Nilisema yote. Bibi akaniambia, basi, mke mwenzangu, basi.

Shangazi alikuja akambandua mama yake vidole kwenye waya kimoja kimoja, akamrudisha kizingitini, akamkalisha, akamfunika kanga nyingine. Kisha yeye mwenyewe akakaa chini kwenye matope, akaikalia mikono yake. Halafu akaniuliza nimeshika wapi, kwa mkono upi, nilisikia nini, nimeshika mara ngapi. Aliniuliza taratibu, kwa jinsi anavyoulizwa mtu mzima mwenye habari, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, nikasahau hasira nikamweleza. Kuhusu Bwana pia nilimweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

Mama Zaituni ndiye aliyetumwa kanisani kumwita baba, na njiani akamkuta fundi Elia akirudi Kikombo kwa baiskeli, akaja naye. Fundi akafungua kile kifuko cha sukari, maji yakamwagika. Ndani yake waya ulikuwa mtupu, umelalia chuma. Akatuambia tukae mbali, akavaa viatu vyake vya mpira, akawasha swichi kubwa ya ukutani kwa dakika moja tu, akagusisha tesita kwenye waya wa nguo. Kile kitaa cha tesita kikawaka. Akagusisha kwenye bati, kikawaka. Akazima. Akasema kanga imemhurumia mtoto, na waya wenyewe angeushika mtu pekupeku kwenye matope haya, mkono ungefumba na usingefumbuka tena. Alikuwa anamwambia baba, hakuwa ananitazama mimi. Lakini nilisikia, na nilikuwa na akili ya kutosha. Nikamtazama bibi kizingitini anakunywa chai, nikajua nilikuwa nampeleka wapi.

Baba alisimama pale na koti lake la kwaya. Sijawahi kumwona baba mdogo kiasi kile. Akauliza, kwa sauti ya chini, nani alizichomeka taa na uwanja umelowa.

Nilifungua mdomo. Nakuapieni nilifungua.

"Ni mimi," shangazi akasema. "Nilizichomeka nikasahau, nikaenda kwenye maharage. Mtoto ndiye aliyegundua. Kagusa kanga, kasikia, kaja kunieleza, ndipo nikazima. Asingesema, leo tungekuwa na msiba."

Yeye, aliyetusumbua wiki nzima kwa kuchomoa, aliyepita nyumba hadi nyumba kukagua misumari ya watu, alisema mbele ya fundi na jirani na mdogo wake kwamba amesahau. Nilimwona Mama Zaituni akigeuka kumtazama. Bibi kizingitini akaacha kunywa chai, akaielekeza sura kule ilikotoka sauti ya binti yake. Baba akamwambia dada yake, bila ubaya, kwamba kumbe hata mtaalamu husahau, akanibeba juu, mtoto wa miaka minane, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Habari zikaenea. Kesho yake kanisani, kabla ya igizo, mchungaji alinisimamisha mbele na shuka langu jeupe, akawaambia watu huyu binti kaokoa nyumba. Wakanipigia makofi na vigelegele. Shangazi alikuwa benchi la tatu, naye alipiga makofi.

Alasiri ya Krismasi yenyewe ndiyo nataka muione, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Fundi Elia alizishusha taa zote. Mitungo ikatenganishwa, kila mmoja ukapewa waya wake mzima usio na kiungo uwanjani, na pale ndani penye kuungana pakafungwa tepu nyeusi ya kazi hiyo. Baba akachimba mashimo akasimamisha miti mikavu minne, na taa zikatundikwa kwenye miti kwa kamba za katani, mbali na bati, mbali na waya wa nguo, juu kuliko mkono wa mtoto. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akimuuliza dada yake, hapa je, na hapa je? Watu waliomwita kiherehere wakaja kutazama, wakarudi kwao kung'oa misumari. Mama Zaituni alikuwa wa kwanza kumwita shangazi aingie ndani kwake, akamkalisha na bakuli la biriani, akamwambia apange atakavyo. Idi ilipofika, miti ile ile minne ilihamia uwanjani kwake, na siku hizi mtaa wetu wote hutundika hivyo, hata vijana wasiojua kulianzia wapi.

Jioni ile zikawashwa. Kwa kuwa zilikuwa zimesimama kwenye miti karibu na kizingiti, bibi aliinua uso. Akasema kuna kitu chekundu kule. Nikamwambia ndiyo, bibi, ni nyekundu. Akasema sasa kimeondoka. Nikamwambia ndiyo, sasa ni kijani. Kijani hakukiona, lakini kila nyekundu ilipowaka alikuwa anaitaja kabla yangu, na watu wakaanza kuitikia naye, uwanja mzima, nyekundu, nyekundu. Saa mbili na nusu shangazi akainuka kwenda kuchomoa. Hakuna aliyezomea.

Bibi aliishi miaka saba baada ya pale, akafa kwa uzee, kitandani kwake. Shangazi alihamia Ihumwa moja kwa moja, na kila Desemba alipita nyumba kwa nyumba, na kila mwaka kulikuwa na mtu wa kumtania kwamba mwaka huu asije akasahau tena. Alikuwa anacheka nao. Mimi nilikuwa nasikia, natazama chini. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaolewa, nikawa mama wa watoto, na sifa ile ya kuokoa nyumba ilinifuata mpaka kwenye harusi yangu, mshereheshaji akaitaja kwenye kipaza sauti. Sikuwahi kuikana. Nilimpenda shangazi kupita kiasi, nilimjengea choo cha ndani, nilimnunulia magodoro, na bado ile kweli ilikuwa inanikaa kooni.

Mwaka huu kabla ya mavuno alilala na hakuinuka tena. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi kumkanda miguu kwa mafuta ya alizeti. Jumamosi moja tulikuwa wawili tu chumbani, na nikaona nikikaa kimya tena nitakaa kimya milele. Nikamwambia, "Shangazi, zile taa nilichomeka mimi. Na sikukuambia kitu chochote. Bibi nilikuwa nampeleka kwenye waya."

"Najua," akasema. "Niliuona mwanga mwekundu kwenye ukuta wa jiko, nikatoka nije kukuchapa."

Nikamuuliza kwa nini basi alijitwika yeye, akachekwa miaka yote ile, na mimi nikapigiwa makofi. Alinitazama kama ananishangaa, mtu mzima na vyeti vyangu vyote.

"Bibi yako alikuwa hai, amekaa pale anakunywa chai," akasema. "Kwa nini nikubebeshe maiti yake?"

Niliinamisha kichwa, nikaendelea kumkanda miguu.